Mitumbwi Mapacha: Jibu kwa Wanaosema Katamarani Si Mambo Yetu



Siku tulipogawana vichwa vya kitabu hiki, mimi niliomba niandike juu ya mitumbwi miwili inayofungwa pamoja. Watu walicheka. Mmoja wetu, mtu mwenye diploma na mwenye kuheshimiwa, akasema kwa sauti: «Mwalimu, Kabambare ni nchi ya kutembea kwa miguu. Mitumbwi njo mambo ya Wagenya. Wewe andika juu ya ndoa, juu ya majina, juu ya matanga.» Mwingine, aliyekuwa ametoka safari ya mbali, akatoa simu yake na kutuonyesha picha ya chombo cheupe chenye miili miwili, wazungu wamelala juu yake wanaota jua. Akasema: «Angalieni, hii inaitwa katamarani. Siku moja tukipata mfadhili, tutaleta moja hapa Lualaba, watalii watakuja.» Huyo hakuchekwa. Alipigiwa makofi.

Nilirudi nyumbani na hasira, na hasira ile njo imeandika kurasa hizi. Kitu ni kimoja: vyombo viwili vimeunganishwa kwa miti ya kukingama. Kikiwa cha mti wetu, kimefungwa na kamba yetu, ni aibu na ushamba. Kikiwa cha plastiki, kina jina la kifaransa, ni maendeleo. Wandugu, hiyo si akili. Na nitaonyesha hapa chini kwamba si kosa la maneno tu. Ni kosa ambalo linazamisha watu.

I. Jina lenyewe linatushitaki

Neno katamarani halikuzaliwa Ulaya. Linatoka katika lugha ya Kitamil, kusini mwa Bara Hindi. Kattu ni kufunga, maram ni mti. Kwa hiyo kattumaram ni miti iliyofungwa pamoja, basi. Wavuvi wa kule walifunga magogo kwa kamba, wakaingia nayo baharini, na wakirudi walifungua kamba na kuanika magogo juani. Waingereza walisikia neno, wakalichukua. Baadaye likahamia kwenye vyombo vya aina nyingine, vile vya miili miwili, ambavyo watu wa visiwa vya Pasifiki walikuwa wakiviunda tangu zamani sana.

Sasa kila mtu aliyekulia kando ya Luama ajiulize: alipokuwa mtoto, alifanya nini siku mama alipokata migomba? Sisi tulikuwa tunakokota vigogo vitatu au vine mpaka mtoni, tunavitoboa na vijiti, tunavifunga na maganda ya mgomba wenyewe, tunapanda watatu na kushuka na maji huku tunapiga kelele mpaka mama zetu waje na fimbo. Ile ilikuwa kattumaram kamili, kwa jina na kwa kazi. Hatukuwa tunajua Kitamil, lakini mikono yetu ilikuwa inajua. Na ilikuwa mchezo! Nakumbusha hilo kwa sababu wengi wanafikiri kustarehe juu ya maji ni jambo lililokuja na watalii.

II. Namna mapacha inavyofanya kazi

Wapo wasomaji wa mjini ambao hawajapanda kitu hiki, hata kama wanakula mchele uliovushwa nacho. Niwaeleze kidogo.

Mtumbwi mmoja umechongwa katika gogo moja. Tumbo lake la chini ni duara. Ni mwepesi, unapita penye maji madogo, mtu mmoja na kafi lake anaweza kuuendesha. Lakini kwa sababu ni duara, unapenda kubiringika. Mtu akisimama vibaya, mbuzi akishtuka, gunia likihama upande mmoja, mtumbwi unakunywa maji, na mtumbwi uliokunywa mara moja hauachi.

Fundi anapotaka kuvusha pikipiki, ng'ombe, au watu wengi wa soko, anachukua mitumbwi miwili ya urefu sawa. Anaiweka sambamba, anaacha nafasi katikati, tuseme urefu wa mkono. Juu yake anakingamisha miti mitatu au minne: mmoja karibu na mbele, mmoja karibu na nyuma, mingine kati. Anaifunga kwa kekele, ile kamba ngumu ya msituni, au siku hizi kwa nailoni na vipande vya mipira ya kinga. Halafu anatandika mbao. Fundi mzuri hapigi misumari kwenye mwili wa mtumbwi. Msumari unapasua mti, tena ukilegea hausemi. Kamba inakwenda na maji, inalia kabla ya kukatika, na mtu mwenye masikio anaisikia.

Ubora wake ni nini? Ili mapacha ipinduke, mtumbwi wa kuume hauwezi kuzama bila kuunyanyua wa kushoto wote, pamoja na mzigo wake. Kila mmoja unamshika mwenzake. Wazee hawakuwa na hesabu za fizikia, lakini walijua kwamba upana ni usalama. Tena juu ya mbao watu wanaweza kusimama, kugeuka, kuongea, hata kucheza. Mimi mwenyewe nimevuka na bibi arusi juu ya mapacha, ngoma zikiwa katikati na mashangazi wanaimba, na hakuna aliyelowana isipokuwa kwa jasho. Jaribuni kupiga ngoma ndani ya mtumbwi mmoja, mtaniambia.

Sitaki kudanganya mtu. Mapacha ina ubaya wake. Ni nzito, inataka wapiga kafi wengi. Kwenye kijito chembamba haigeuki. Kupanda nayo juu ya mkondo kunachosha. Kwenye maporomoko, mawimbi yanavuta mtumbwi huu huku na ule kule, na kamba hukatikia pembamba. Na ikipinduka kweli, jambo ambalo ni adimu, kuirudisha ni kazi kubwa kuliko kurudisha mtumbwi mmoja. Kila chombo kina mahali pake. Mahali pa mapacha ni kivuko kipana chenye mzigo na watu, yaani mahali pale pale ambapo sisi tunazama.

III. Nani alikuwa na mtumbwi ndiye alikuwa na neno

Sasa nimjibu ndugu yangu wa diploma aliyesema mitumbwi si historia ya Kabambare.

David Livingstone alikaa kwetu. Yeye aliandika Bambarre, lakini ni hapa. Alilala hapa na vidonda vya miguu tangu Julai 1870 mpaka Februari 1871. Alipopona alikwenda Nyangwe, akafika mwisho wa Machi 1871, na shida yake yote pale ilikuwa moja: mtumbwi. Alitaka kuvuka Lualaba, na Wagenya hawakumpa. Walikuwa wameona wafanyabiashara wa watumwa wanafanya nini, wakaogopa kwamba huyu naye anawafungulia njia. Akangoja miezi. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara walipiga bunduki sokoni Nyangwe. Akina mama wakakimbilia mitumbwi, wakasongamana, mingi ikazama, mamia wakafa kwa risasi na kwa maji. Livingstone akarudi mashariki bila kuvuka.

Mwaka 1874 akaja Cameron. Naye alitafuta mitumbwi Nyangwe, naye akakosa, ikabidi ashike njia ya kusini. Mwaka 1893, wakati wa vita vya Dola Huru la Kongo na waungwana, Dhanis alikaa na askari wake ng'ambo ya Nyangwe majuma mengi. Aliona mji kwa macho lakini maji yalimzuia. Ni Wagenya waliomletea mitumbwi, na mwezi Machi Nyangwe ikaanguka. Mwezi Aprili ikafuata Kasongo.

Mnaona? Katika miaka 22, mara tatu, hatima ya nchi hii yote, Kabambare ikiwa ndani, ilikuwa mikononi mwa mtu mwenye kafi. Mara mbili alisema hapana, mara moja alisema ndiyo. Kitu chenye nguvu namna hiyo tunakitoa katika kitabu cha mila eti kwa sababu sisi ni watu wa miguu? Njia ya miguu ya Kabambare inakwenda wapi, kama si kwenye mto? Luama inatoka milima ya magharibi ya Ziwa Tanganyika, inapita nchi yetu, inaingia Lualaba kusini mwa Kasongo. Mbangubangu, Mbuyu, Mhombo, Mzimba, Mkusu: kila mmoja wetu ana babu aliyesimama ukingoni akiita ng'ambo: «Leteni mtumbwi!»

IV. Mwaka 1876

Hapa nataka msomaji asome polepole, maana kuna jambo la ajabu.

Mwezi Novemba 1876, Stanley alitoka Nyangwe pamoja na Tippu Tip na mamia ya watu kufuata Lualaba. Ndui na kuhara vikawapata. Wagonjwa hawakuweza tena kutembea. Walipokuwa wanashuka, waliokota mitumbwi sita mibovu iliyoachwa, wakaitengeneza, wakaifunga pamoja, na juu yake wakalaza wagonjwa. Stanley mwenyewe ameeleza kwamba ilikuwa hospitali yenye kuelea. Yeye alikuwa na mashua nzuri kutoka Ulaya, ile Lady Alice, inayofunguliwa vipande vipande. Lakini mzigo mkubwa wa watu dhaifu ulipokuja, kilichowabeba ni mitumbwi ya mto huu iliyofungwa.

Mwaka huo huo, mwezi Juni 1876, kule New York, fundi mmoja wa Marekani, Nathanael Herreshoff, alileta katika mashindano chombo chake cha miili miwili, jina lake Amaryllis. Kiliwaacha wenye mashua za kawaida nyuma. Wao wakafanya nini? Wakalalamika kwamba ile si mashua ya haki, wakamnyang'anya ushindi. Kwa miaka mingi baadaye vyama vikubwa vya michezo ya mashua vilivifungia mlango vyombo vya namna ile.

Kwa hiyo wazungu nao walicheka kabla yetu! Waliona kitu cha miti miwili, wakasema ni cha washenzi wa visiwani. Ilichukua karne moja. Mwisho wa miaka ya 1960 Hobie Alter wa California alianza kuuza katamarani ndogo ambazo mtu anaisukuma peke yake kutoka mchangani, ikawa mchezo wa vijana. Mwaka 1976 aina inayoitwa Tornado iliingia Michezo ya Olimpiki, ikabaki mpaka 2008. Mwaka 2013 Kombe la Amerika, lile la mabilionea, lilishindaniwa San Francisco kwa katamarani zinazonyanyuka juu ya maji kama ndege. Waliomnyang'anya Herreshoff ushindi wamesahauliwa. Kitu kimebaki.

V. Somo la Hawaii

Mwaka 1976 huo huo kuna habari nyingine, na hii inatuhusu zaidi kuliko mabilionea.

Watu wa Hawaii walikuwa wameambiwa na wenye vitabu kwamba babu zao hawakujua kusafiri, kwamba walifika visiwani kwa kusukumwa tu na upepo. Wengine kati yao walianza kuamini. Basi kikundi kikaunda mtumbwi wa miili miwili kwa mfano wa zamani, kikauita Hōkūle'a. Mzee mmoja wa Mikronesia, Mau Piailug, ambaye bado alikuwa na elimu ya nyota na mawimbi, akauongoza kutoka Hawaii mpaka Tahiti, zaidi ya kilomita 4,000, bila dira. Walipofika Tahiti, umati ulijaa ufukoni. Mwaka 1978 mtumbwi huo ulipinduka usiku, na kijana mmoja, Eddie Aikau, alitoka na ubao wake kutafuta msaada, hakuonekana tena. Hawakuuchoma. Waliutengeneza, wakaongeza masharti ya usalama, wakaenda tena. Leo watoto wa Hawaii wanajua babu zao walikuwa mabaharia.

Na Waswahili wa pwani, ambao lugha hii ninayoiandika ilitufikia kwa misafara yao? Wao wana ngalawa, mtumbwi mmoja wenye mirengu, yaani miti ya kukingama, na vibao vya kuelea pande mbili. Si pacha kamili, lakini ni ndugu: akili ni ile ile, kutafuta upana. Kwa miaka hii ya karibuni wageni wamelipa pesa nyingi kwenda Zanzibar kushindana kwa ngalawa, wenyewe, wanalowana na wanachomwa na jua, na wanaona ni raha kubwa. Na anayevuka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja kwa vivuko vya kasi vya Kilimanjaro, kwa muda wa saa mbili hivi, amepanda katamarani, iliyoundwa Australia. Mtalii, mchuuzi na mgonjwa wanakaa juu ya miili miwili pamoja, wala hakuna anayewaita washamba.

VI. Yaliyonipata mimi

Nimesema ni jambo la kufa na kupona. Sasa niseme langu, hata kama linaniaibisha.

Miaka iliyopita nilikuwa navuka na walimu wenzangu pamoja na karatasi za mtihani. Kivukoni kulikuwa na mapacha iliyofungwa vizuri, mbao kavu, wapiga kafi wanne. Bei ilikuwa franki 1,000 kwa mtu. Pembeni kulikuwa na mtumbwi mmoja: franki 500. Mwenye mapacha, mzee mmoja mwenye nywele nyeupe, aliniambia: «Mwalimu, leo maji yamejaa. Panda hapa.» Mimi nikamjibu: «Baba, wewe unataka tu kutula.» Tukaingia mtumbwi wa 500. Tulikuwa tisa, na magunia mawili ya mpunga.

Katikati ya mto mwanamke mmoja aligeuka kumshika mtoto wake. Sikumbuki zaidi. Nakumbuka maji ya rangi ya udongo, na karatasi zangu zinatawanyika. Yule yule mzee njo alitufuata na mapacha yake, akasimamisha kati yetu, na kwa sababu mapacha haiinami mtu akiishika upande mmoja, tukaning'inia pande zote kama popo, akatuvuta. Tulitoka saba.

Hesabu mwenyewe, msomaji. Tulikuwa tisa.

Baada ya hapo nilirudi kumshukuru mzee. Nilikuta amefungua kamba. Mtumbwi mmoja ameupeleka chini, mwingine juu. Nikauliza: «Baba, kwa nini?» Akasema: «Mwalimu, mitumbwi miwili ikifungwa, ni safari moja. Ikifunguliwa, ni safari mbili. Ninyi wenyewe mnapenda bei ya chini. Mimi nina watoto.» Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Si leta iliyofungua kamba ile, wala si mzungu. Niliifungua mimi, kwa kubishania franki 500.

VII. Mabishano na majibu

Najua watakayosema. Niwajibu mapema.

Wa kwanza wanasema: «Tungojee baki ya leta na madaraja.» Vizuri, tuidai, ni haki yetu, na mimi nitatia sahihi wa kwanza. Lakini mwenye kungoja daraja anavuka leo kwa nini? Baki inahitaji mafuta, vipuri, na mtu wa kulipwa mshahara. Mapacha inahitaji kekele. Hivi viwili havigombani. Anayesema «tungojee» mara nyingi ni mtu asiyevuka.

Wa pili wanasema: «Hata vyombo vikubwa vinazama, sembuse mitumbwi.» Ni kweli. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli ndogo Merdi, iliyotoka Minova, ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wanaiangalia kutoka ukingoni. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Lakini hilo linasema nini? Linasema kwamba ukubwa na injini havimwokoi mtu kama hakuna mwenye kukataa abiria wa mwisho. Kwenye mapacha mzee wa kivuko anaona mstari wa maji kwa macho, na akisema «imetosha», imetosha. Tumempuuza mtu huyo, halafu tunashangaa.

Wa tatu ni yule wa simu, wa mfadhili. Kwake nina swali: hiyo katamarani nyeupe ikipasuka, nani Kasongo ataishona? Mtalii atapita njia gani kufika? Tuseme amefika: atalipa pesa aone kitu alichokiacha kwao, au aone kitu kisicho kwao? Sikatai plastiki. Kama kuna mtu anazo pesa, alete. Nakataa kupiga magoti mbele ya picha wakati fundi wa kitu chenyewe amekaa kivukoni na hana kazi.

Wa nne wanasema mashindano ya maji na kustarehe mtoni ni uvivu, watu wana njaa. Hawa ninawaheshimu, lakini wanasahau. Mchezo ni masomo. Mtoto aliyefunga migomba anajua fundo. Kijana aliyeshindana kupiga kafi anajua mkondo. Sisi tumewakataza watoto mto kwa kuogopa, na sasa tuna vijana wa miaka 20 kando ya Luama ambao hawajui kuogelea. Je, huo ndio usalama?

Na wa mwisho wanasema: «Ni mambo ya Wagenya.» Basi twende kwa Wagenya na kuku na heshima, tuwaombe watufundishe! Tangu lini Mbangubangu ameona haya kujifunza kwa jirani? Wakati wa vita vya 1996 na 1998, tulipokuwa tunakimbia, hakuna aliyemwuliza mwenye mtumbwi kabila lake.

VIII. Tufanye nini

Polemiki bila kazi ni makelele. Naweka hapa mambo manne, na chama kikitaka kinishitaki kama nisipofanya sehemu yangu.

Kwanza, tuwatafute mafundi waliobaki, wale wanaojua kuchagua gogo, kulinganisha mitumbwi miwili na kufunga bila msumari, tuwaandike na kuwapiga picha wakiwa kazini. Wengi ni wazee. Kila mwaka mmoja anakwenda na mafundo yake.

Pili, kila kivuko chenye maji mengi kiwe na mapacha moja isiyofunguliwa wakati wa mvua. Wenye maduka, walimu, makanisa na misikiti wakubaliane kulipa bei yake bila kubishana, ili mwenye mtumbwi asipate hasara kwa kutuokoa. Bei ya juu kidogo ni bei ya kamba.

Tatu, wanafunzi na wagonjwa wasivuke katika mtumbwi mmoja maji yakijaa. Wazee wa vivuko wakatae, na sisi tusiwatukane wakikataa.

Nne, tarehe 30 Juni, baada ya hotuba na defile, tufanye mashindano ya mapacha. Wapiga kafi wanane, magunia mawili ya mchele juu ya mbao, na mtu mmoja wa kupiga ngoma. Atakayeshinda si yule anayefika wa kwanza tu. Ni yule anayefika na mchele mkavu na ngoma bado inalia. Watoto wawe na lao la migomba, pembeni, wakubwa wakiwa ndani ya maji kuwaangalia. Na mshindi apewe kekele mpya na mbao, vitu vya kazi, si kikombe cha bati.

Wandugu wa Kasongo na Kabambare, wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Mimi naongeza kwamba anayeacha mila yake kisha akarudi kuinunua kwa jina la kigeni ni mtumwa anayelipia mnyororo. Ndugu yangu wa simu, picha yako ni nzuri. Lakini siku tukivuka pamoja na maji yamejaa, uniruhusu nichague. Nitachagua mzee mwenye nywele nyeupe, kama amefunga kamba. Na safari hii bei yake sitaibishania.